Kukusanya Vifungashio vya Zamani vya Aiskrimu za Kanda ya Ziwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu wanaoanza kukusanya makopo, maboksi na karatasi za viwanda vidogo vya aiskrimu vya Mwanza na miji mingine ya ufuko wa Ziwa Victoria, na pia na ndugu zao wanaotaka kujua kwa nini kabati limejaa makopo matupu. Yamepangwa kuanzia mambo ya msingi hadi yale yanayozua mabishano. Pale jibu linapogusa swali jingine, namba ya swali hilo imetajwa.

## Mambo ya msingi

1. Ni vitu gani hasa vinavyokusanywa?

Ni kila kitu kilichotengenezwa ili kuifikisha aiskrimu kwa mlaji na ambacho kilitarajiwa kutupwa baada ya hapo: makopo ya plastiki pamoja na vifuniko vyake, ndoo kubwa zilizopelekwa hotelini na kwenye sherehe, maboksi ya karatasi ngumu iliyopakwa nta, karatasi za kuzungushia koni, vikaratasi vya lambalamba na vijiti vyake, na vikombe vidogo vilivyouzwa pamoja na kijiko cha mti. Wengi wetu huongeza vitu vilivyoizunguka biashara yenyewe, kama vile stika za friza, vibao vya bei, stakabadhi, na hata deli ambalo mchuuzi alilibeba begani au kulifunga nyuma ya baiskeli.

Chupa za soda na vizibo vyake ni ukusanyaji wa aina nyingine, wenye watu wake na taratibu zake, na hazijadiliwi hapa.

2. Kwa nini viwanda vidogo vya familia, na si kampuni kubwa?

Kampuni kubwa ina ofisi, ina mafaili na ina watu wa kuyatunza. Aiskrimu za Azam za Dar es Salaam, kwa mfano, ni za kampuni iliyoanzishwa na familia, lakini soko lake ni la nchi nzima na makopo yake yamo katika karibu kila duka lenye friza. Kiwanda cha familia cha mkoani ni jambo tofauti kabisa. Mara nyingi ni vyumba viwili au vitatu nyuma ya duka: baba anahesabu maziwa na sukari, mama anasimamia mashine, watoto wanabandika lebo baada ya shule. Lebo huagizwa chache kwa sababu fedha ni chache, na watoto wanapokua na kuhamia mji mwingine, karatasi zote huchomwa siku ya kuhama.

Kwa hiyo kopo lililobaki jikoni kwa jirani huenda ndilo hati pekee inayoonyesha kwamba kiwanda hicho kilikuwapo, kilikuwa mtaa gani, kilitumia sanduku la posta gani na kiliuza ladha zipi. Kisha kuna jambo la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi. Katika nyumba zetu kopo la aiskrimu halikutupwa. Liliwekewa sukari, chumvi, dagaa, sindano na uzi, misumari, na kwenye mialo liliwekewa ndoano au likatumika kuchota maji yaliyoingia mtumbwini. Historia ya kopo lenyewe kwa kiasi kikubwa ilianza aiskrimu ilipokwisha, na mkusanyaji anayeifuta sehemu hiyo ameharibu alichokuja kukiokoa. Majibu mengi yaliyo hapa chini yanatokana na msimamo huo.

3. Je, ni lazima niwe na fedha nyingi?

La. Daftari, penseli, kamera ya simu na kioo cha kukuza mara 10 vinatosha kuanzia. Fedha huhitajika baadaye, kwenye utunzaji (swali la 13 na la 14).

## Kutafuta na kuomba

4. Nitafute wapi hapa Mwanza?

Anza na jikoni za watu unaowafahamu, kwa sababu ndiko vilivyo vingi. Baada ya hapo nenda kwa mafundi wa friji na friza, ambao mara nyingi wana milango ya zamani yenye stika zisizopatikana kwingine. Stoo za shule, za kumbi za sherehe na za hoteli ndogo zina ndoo. Soko la Mlango Mmoja, linalojulikana zaidi kwa mitumba, hutoa kitu mara mojamoja pale mtu anapouza vyombo vya nyumba nzima.

Vitu vya bati vina habari yake. Kwa miaka mingi mafundi wa Makoroboi wamegeuza makopo kuwa taa za mafuta ya taa, na kwa hiyo bati lenye maandishi ya mtengenezaji wa vyakula linaweza kuwa limebaki kama tumbo la koroboi. Angalia upande wa ndani, ambako maandishi hubaki masafi zaidi kwa sababu fundi aliligeuza bati. Koroboi ya namna hiyo isikunjuliwe. Iache ilivyo, upige picha ya maandishi yaliyo ndani.

Visiwani na kwenye mialo utafutaji huenda polepole, lakini vitu vyake huwa na simulizi nzuri. Kopo lililofika Ukerewe lilivuka maji, na mwenye nalo kwa kawaida anakumbuka nani alilileta na kwa sababu gani.

5. Nitaombaje kopo ambalo mtu bado analitumia?

Kwa adabu na bila haraka. Usifike na noti mkononi. Bisha hodi, msalimie mama au bibi wa nyumba kwa shikamoo yake, keti ukikaribishwa, eleza unachokifanya, na muulize habari za kopo kabla ya kuliomba. Mara nyingi maelezo atakayoyatoa yana thamani kuliko kopo lenyewe, na akikataa kulitoa bado utakuwa umeyapata. Muombe ruhusa ya kulipiga picha pale lilipo, juu ya rafu, likiwa na sukari yake.

Akikubali, lazima umwachie chombo cha badala: kopo jipya lenye kifuniko kinachobana, la ukubwa uleule au zaidi. Kumwacha mtu mzima na sukari kwenye bakuli lisilofunikwa katika mji wenye sisimizi ni kuivunja heshima yote uliyoionyesha mlangoni. Usimwambie kamwe kwamba kitu chake ni takataka ilhali unajua unakitafuta.

6. Bei ya haki ni ipi?

Lipa kiasi ambacho usingeona haya kikitangazwa mbele ya jirani zake. Kinachoongeza thamani ni lebo inayosomeka, kifuniko cha asili, uhaba wa mtengenezaji na, juu ya yote, maelezo ya mwenye kitu. Nyufa hupunguza, lakini si sana.

## Kutambua umri

7. Kopo langu halina tarehe. Nitajuaje ni la miaka gani?

Soma kila kitu kilichochapishwa, hasa maandishi madogo, kisha uliza kila kipande kinaweza kuwa cha mwaka gani mapema kabisa. Jina la nchi ni mwanzo mzuri. Anwani inayosema Tanganyika inaelekeza kabla ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 au muda mfupi baadaye, kwa kuwa jina la Tanzania lilianza kutumika rasmi mwezi Oktoba mwaka huo. Bei nayo husaidia: shilingi ya Tanzania ilichukua nafasi ya shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1966, na bei iliyoandikwa kwa senti ni dalili ya umri mkubwa.

Namba ya simu ndiyo rafiki mkubwa wa mkusanyaji wa Mwanza. Namba za mezani za mji huu zilitanguliwa na 068 hadi zilipobadilishwa kuwa 028 karne ilipokuwa inageuka. Namba za mkononi zinazoanza na 0744 au 0748 ni za kabla ya mabadiliko ya katikati ya miaka ya 2000, zilipogeuka kuwa 0754 na 0784. Lebo inayotaja Jiji la Mwanza haiwezi kutangulia mwaka 2000, mji ulipopewa hadhi hiyo.

Alama za mamlaka zina mipaka yake pia. Shirika la Viwango, TBS, lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, hivyo alama yake haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Maneno TFDA, yaani Mamlaka ya Chakula na Dawa, yanatokana na sheria ya mwaka 2003, na usimamizi wa chakula ulihamishwa kutoka kwenye mamlaka hiyo kwenda TBS mwaka 2019. Pembetatu ya mishale yenye namba ya aina ya plastiki ilibuniwa Marekani mwaka 1988, kwa hiyo kopo lenye pembetatu hiyo si la miaka ya 1970, hata muuzaji aape.

Lakini dalili hizi zote zinakuambia kipindi ambacho kitu kingeweza kuchapishwa, wala si mwaka kilipotumika. Mwenye kiwanda kidogo hatupi lebo elfu kwa sababu namba ya simu imebadilika. Anagonga muhuri juu ya namba ya zamani na kuendelea hadi ziishe. Lebo yenye 068 iliyofutwa kwa kalamu na 028 iliyogongwa pembeni ni ya thamani kwa sababu hiyo hasa, maana inakuonyesha biashara ikiwa katikati ya mabadiliko.

Vitu vya mwanzoni mwa miaka ya 1980 ni vichache sana. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi ilipungukiwa fedha za kigeni, sukari ikawa ya kutafutwa na bidhaa za kuagiza nje zikawa adimu. Ukipata karatasi nyeupe isiyo na maandishi, yenye muhuri wa mpira tu, na mwenye nayo akakuambia ni ya wakati huo, usiidharau (swali la 19).

8. Msimbomilia (barcode) unaoanza na 616 unamaanisha kopo limetoka Kenya?

Si lazima. Tarakimu za mwanzo huonyesha nchi ambako namba ilisajiliwa. Namba 616 ni ya Kenya na 620 ni ya Tanzania, lakini ofisi ya usajili ya Tanzania ilianza kazi mwaka 2011, na kabla ya hapo watengenezaji wa kwetu waliohitaji msimbo waliupata kupitia nchi nyingine. Angalia anwani kabla ya kuhukumu kwa msimbo.

9. Chini ya kopo kuna duara lenye namba na mshale. Ni nini?

Ni alama ya tarehe ya kiwanda cha plastiki, na wakusanyaji wengi huipita bila kuiona. Ligeuze kopo, lishike karibu na dirisha ili mwanga uje kutoka pembeni, na utaona kitufe kidogo kisichozidi ukubwa wa punje ya hindi. Pembezoni kuna namba 1 hadi 12, ambazo ni miezi. Katikati kuna mshale unaoelekea mwezi mmojawapo, na pande mbili za mshale kuna tarakimu mbili za mwaka. Baadhi ya makopo yana vinundu badala ya mshale, kinundu kimoja kwa kila mwezi uliopita.

Tarehe hiyo ni ya kopo tu. Viwanda vidogo vilinunua makopo matupu yasiyo na chapa kutoka kwa watengenezaji wa plastiki wa miji mikubwa, vikayaweka stoo na kuyabandika lebo kadiri ya mahitaji, kwa hiyo lebo inaweza kuwa ya miaka kadhaa baadaye.

10. Picha ya stroberi imekuwa ya bluu. Ni toleo maalumu?

La, ni jua. Wino mwekundu na wa njano hufifia mapema kuliko wa bluu na mweusi, na kopo lililokaa dirishani hubaki na picha ya rangi ya samawati. Inua ukingo wa kifuniko au stika iliyobandikwa juu yake: palipofunikwa rangi ya asili bado ipo. Piga picha ya sehemu hiyo kwa kumbukumbu.

11. Je, miongozo ya wakusanyaji wa Marekani inatufaa?

Kwa utunzaji, inafaa sana. Kwa umri, haifai. Wenzetu wa huko wana viwanda vya familia vyenye historia ndefu, kama Graeter's ya Cincinnati iliyoanza mwaka 1870, au Blue Bell ya Brenham, Texas, iliyopata jina hilo mwaka 1930, na dalili zao ni za nchi yao: namba za posta zenye tarakimu tano zilizoanza mwaka 1963, jedwali la virutubisho lililokuwa la lazima kuanzia mwaka 1994, na kupungua kwa ujazo wa maboksi makubwa katika miaka ya 2000.

Tofauti nyingine ni ya mtazamo. Miongozo ile hukipa daraja la juu kitu ambacho hakijawahi kutumika. Sikubaliani na kigezo hicho kwa vitu vya kwetu, kwa sababu zilizoelezwa kwenye swali la 2, na ningependa wakusanyaji wa hapa wasikiige.

12. Nitatambuaje kitu cha bandia?

Bandia ya kopo zima ni nadra, lakini stika huchapishwa upya. Tumia kioo cha kukuza. Chapa ya kiwandani huonyesha vitone vilivyopangwa kwa utaratibu, au kingo za herufi zenye utando mwembamba wa wino uliosukumwa pembeni. Chapa ya printa ya ofisini huonyesha unga unaong'aa uliokaa juu ya karatasi, au matone yaliyotawanyika bila mpango. Linganisha pia uchakavu: lebo safi juu ya kopo lililokwaruzika pande zote haikuwapo wakati kopo linakwaruzika.

## Kusafisha na kutunza

13. Nilioshe kopo nililolipata?

Ondoa kinachoendelea kuharibu, acha kinachoeleza. Mafuta, sukari iliyoganda na ukungu vitoke. Tumia maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo ya maji na kitambaa laini, na usiloweke sehemu yenye lebo ya karatasi. Steel wire, jiki, petroli na thinner visikaribie. Vitaondoa wino kabla ya uchafu. Maji ya moto hupinda plastiki.

Alama za matumizi zibaki. Nina kifuniko ambacho juu yake neno CHUMVI limeandikwa kwa msumari uliopashwa moto. Herufi zimezama, kingo zake zimevimba na kuwa kahawia, na herufi ya M imetoboka hadi upande wa pili, ikazibwa kwa plastiki iliyoyeyushwa. Aliyeandika alikata katikati jina la kiwanda. Kwa mwongozo wa kigeni hiyo ni kasoro. Kwangu ndiyo sababu ya kukitunza. Vivyo hivyo na doa la manjano lisilotoka, kamba iliyofungwa kuwa mpini, na jina la mtoto lililoandikwa kwa rangi ya kucha.

14. Maboksi ya nta na karatasi yatunzwe vipi?

Adui wa kwanza ni joto la chini ya paa la bati. Nta hulainika, maboksi yaliyopangana hushikana, na ukiyatenganisha kwa nguvu chapa ya moja huhamia kwa jingine. Weka kati yake karatasi ya kuokea isiyoshika, na yahifadhiwe chumba chenye dari, mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni. Boksi lililokunjwa tangu kiwandani libaki limekunjwa. Lililofunguliwa lijazwe karatasi nyeupe isiyo na maandishi, kwa kuwa wino wa gazeti huhama.

Adui wa pili ni unyevu. Ukungu hustawi unyevu wa hewa unapopita takribani asilimia 65, na kwetu masika na vuli hufikisha hapo kwa urahisi. Usiweke chochote sakafuni wala kukigusisha ukuta. Vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya vinafaa kwenye sanduku lililofungwa. Karatasi nyembamba zikae kwenye mifuko ya polipropilini au poliesta. Majalada ya plastiki laini yenye harufu kali hutoa kemikali zinazolainisha wino.

Selotepu na kupiga laminesheni ni mwiko. Hakuna kurudi nyuma baada ya hapo.

15. Mende na wadudu wengine hupenda vitu hivi. Nifanye nini?

Kwa karatasi na maboksi, tumia friza. Funga kitu kwenye mfuko usiopitisha hewa, kiache kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki nzima, kisha kitoe na ukiache ndani ya mfuko kwa siku moja kabla ya kufungua, ili unyevu ugande nje ya mfuko na si juu ya karatasi. Makumbusho hutumia njia hii. Dawa za vidonge za kabatini ziepuke, kwa kuwa mvuke wake hudhuru baadhi ya plastiki. Vijiti na vijiko vya mti vikague kwa unga mwembamba, ambao ni dalili ya wadudu wanaotoboa mti.

16. Niandike nini kuhusu kila kitu?

Andika mahali kilipopatikana hadi mtaa, siku uliyokipata, aliyekupa au kukuuzia kwa namna atakayokubali kutajwa, kilitumika kuhifadhi nini na kwa takribani muda gani, na maneno yake mwenyewe kuhusu kiwanda. Andika kwa penseli kwenye kadi, kamwe si juu ya kitu. Namba ya kadi ifungwe kwa uzi. Weka nakala kwenye simu, na nyingine nje ya nyumba yako.

## Mambo yenye utata

17. Nina mfuko wa rambo wenye nembo ya kiwanda. Je, ninaruhusiwa kuuweka?

Hapa kuwa mwangalifu. Tangu tarehe 1 Juni 2019 Tanzania Bara imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na katazo linagusa kuhifadhi na kusambaza pia. Vifungashio vya bidhaa zenyewe, kama kopo au karatasi ya lambalamba, ni suala jingine na vilibaki nje ya katazo. Kwa mfuko wa kubebea, piga picha nzuri pande zote mbili, na kabla ya kuuhifadhi au kuuonyesha hadharani waulize wasimamizi wa mazingira wa taifa (NEMC) kwa maandishi. Usisafiri nao kwenda Kenya, ambako katazo kama hilo lilianza Agosti 2017 na adhabu zake ni kali.

18. Familia iliyokuwa na kiwanda imesikia na inataka kitu chake. Nirudishe?

Kisheria, kitu ulichopewa au kukinunua kihalali ni chako. Kiungwana, waalike waje wakione, wape picha, na kama huna kingine cha aina hiyo nao hawana hata kimoja, fikiria kwa dhati kuwaachia. Mimi ningewaachia. Familia inayotendewa hivyo hufungua masanduku, na daftari la oda au picha ya mashine itakayotoka humo haipatikani sokoni.

Ruhusa yao iombwe pia kabla ya kutangaza majina ya watu au picha za watoto zilizo kwenye lebo. Kuchapisha nembo yao kwenye fulana za kuuza ni biashara ya alama ya mtu mwingine, hata kama kiwanda kimefungwa.

19. Nina vifungashio visivyo na jina lolote. Vina thamani?

Vina, iwapo unaweza kuonyesha vilitoka wapi. Barafu za ukwaju na ubuyu zilizouzwa na akina mama mlangoni zilifungwa kwenye nailoni tupu zilizopigwa fundo, na aiskrimu nyingi za mwanzo za viwanda vya familia ziliuzwa kwenye vikombe vya kawaida kabla ya fedha ya lebo kupatikana. Kitu cha namna hiyo hakijitambulishi chenyewe. Kinahitaji maelezo ya mashahidi wawili wasiotoka nyumba moja, picha ya mahali kilipotumika, na ikiwezekana stakabadhi au kipande cha daftari la mauzo. Vyote hivyo vihifadhiwe kwenye bahasha moja pamoja nacho, kwa namba moja ya kadi kama ilivyoelezwa kwenye swali la 16.